Naomba ushauri: splaini ya ubavu wa mashua inatoa mawimbi kwenye mchoro

Mchoraji_Ujiji
Habari za kazi, wanajukwaa. Ninachora kwa FreeCAD, programu ya kuchora kwa kompyuta, mashua ya mbao ya mita 9, ya aina inayoegeshwa Kibirizi, Kigoma, ili fundi ninayefanya naye kazi apate vipimo vya mataruma (mbao za kiunzi cha ndani) kabla ya kupasua mbao. Nimepima nusu ya upana wa mashua iliyopo kila baada ya nusu mita, toka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), nikapata nukta 19 na kupitisha splaini, yaani mstari wa mkunjo laini, katika nukta zote. Kwa mbali mkunjo unapendeza, lakini nikiukuza naona ubavu unaingia na kutoka, na nikirekebisha nukta moja, sehemu ya jirani inaharibika. Nifanyeje ili mkunjo utulie bila kupoteza vipimo?

Msanifu_Mwanga
Ndugu mleta uzi, tatizo lako ni wingi wa nukta, wala si programu. Splaini inayolazimishwa kupita katika kila nukta hulichukua kila kosa dogo la futikamba kuwa ndilo umbo la mashua, kwa hiyo milimita 3 zilizozidi mahali pamoja huufanya mkunjo upinde kuzifuata, kisha upinde tena kurudi. Tumia splaini ya nukta za kudhibiti, ya digrii ya tatu, ambayo hugusa nukta ya kwanza na ya mwisho tu, huku zile za kati zikiuvuta mkunjo kuelekea kwake. Kwa ubavu kama huo nukta 5 au 6 zinatosha. Zisogeze karibu zaidi upande wa omo, ambako mbao hupinda kwa ukali. Vipimo vyako 19 vibaki kwenye mchoro kama rejea ya kulinganishia.

Kisha washa kitana cha mpindo, yaani ile mistari inayosimama juu ya mkunjo, ambayo hurefuka pale mkunjo unapopinda zaidi. Ncha zake zikipanda na kushuka taratibu, mkunjo umetulia. Zikihamia upande wa pili, ujue ubavu umegeuza mwelekeo. Amini kitana kuliko jicho, kwa sababu kioo cha kompyuta huficha mengi.

Seremala_Katonga
Kijana wangu, sisi hupiga misumari sakafuni kwa vipimo, tukaukunja ufito mwembamba kuifuata, na msumari unaousukuma ufito vibaya tunaung'oa. Lakini hatuung'oi kabla ya kurudi kwenye chombo. Pima ubavu wa kulia na wa kushoto: kama uvimbe uko upande mmoja tu, huenda ubao umechoka au umebadilishwa, nao usiingie kwenye mchoro wa chombo kipya. Ukiuona pande zote mbili mahali palepale, uheshimu, kwani yaelekea aliyekiunda alikusudia hivyo.

Mchoraji_Ujiji
Shikamoo mzee, nashukuru sana. Nitapima pande zote mbili. Ndugu Msanifu, nimejaribu nukta 6 na kitana kimetulia, ila programu inaonyesha kwamba mchoro bado uko huru, yaani nukta zake bado zinaweza kusogea. Je, ni lazima kila nukta niipe vipimo?

Msanifu_Mwanga
Ndiyo, lakini baada ya umbo kukuridhisha, kwa kuwa vipimo vinavyowekwa mapema hukufunga mikono. Kila nukta ipe umbali wake kutoka omo na umbali wake kutoka mstari wa katikati. Viduara vinavyozizunguka ni uzito wa kila nukta. Viwekee sharti la kulingana, uzito ubaki 1, la sivyo kimoja kikikua mkunjo utavutwa upande wake. Mwelekeo wa splaini mwishoni hufuata mstari unaounganisha nukta mbili za mwisho, kwa hiyo ukitaka ubavu ufike tezi ukiwa sambamba na mkuku (boriti ya chini iliyo kwenye mstari wa katikati), zipe nukta hizo mbili umbali uleule kutoka mstari wa katikati. Ukishamaliza, linganisha na vile vipimo 19: tofauti ya milimita chache seremala ataimaliza kwa randa, lakini ikikaribia sentimita 2 ongeza nukta moja ya kudhibiti mahali hapo, kisha ukitazame kitana upya.