"Stationery" au "stationary"? Fundi wa bango ananisubiri, naombeni ushauri

Mzee wa Kopi (mleta uzi)
Habari zenu wakuu. Nafungua kibanda cha steshenari karibu na chuo kimoja hapa mkoani, kutoa kopi, kuprinti, laminesheni na kuwachapia watu barua za kuomba kazi. Fundi wa mabango kaniletea mchoro kaandika "STATIONARY", nikamuuliza mbona wengine wanaweka E anasema zote sawa tu bosi chagua unayoipenda. Sijammalizia hela yake bado. Ila bango ni dogo, kasheshe ipo kwenye barua za wateja, mtu anakuja na karatasi yake ya mkono kaandika "there parents" au "to the principle of the college", nikiichapa hivyo hivyo kompyuta haipigi hata mstari mwekundu. Nikiyatamka kwa sauti nasikia kitu kilekile. Kuna mbinu au ni kukariri tu? Msinitukane, form four ndo mwisho wangu.

Binti Mchakamchaka
Weka E mkuu. Yenye A ni kitu kilichosimama, hakisogei, kama daladala inayosubiri ijaze. Muuza karatasi anaitwa "stationer", anaishia na -er kama "baker", na kwa baker ni "bakery", basi kwa stationer ni stationery, imeisha hiyo. Na cha kuchekesha maneno yote mawili yametoka mzizi mmoja wa Kilatini, enzi hizo wachuuzi wengi walikuwa wa kutembeza, huyu mwenye kibanda kisichohama ndo akapata jina hilo. Kwa hiyo fundi wako ana ka-hoja ila bango arudie, tena kwa gharama yake.

Kitasa
Ukitoka hapo pita gereji uone "BREAK & CLUTCH" 😂😂 yaani unaambiwa kabisa hapa tunavunja

Mkeka wa Mwalimu
Mleta uzi, tenganisha mafungu mawili maana dawa zake tofauti. Fungu la kwanza yanasikika sawa hata kwa Mwingereza mwenyewe, their na there, principal na principle, brake na break, flour na flower. Hapo sikio halikusaidii, angalia neno linafanya kazi gani kwenye sentensi. "There" ina "here" ndani yake na inafanana na "where", zote za mahali. Ukiweza kusema "-ao", wazazi wao, vitabu vyao, ni "their". Principal ni mkuu wa chuo, na ile hela halisi ya mkopo kabla ya riba nayo ni principal, principle ni kanuni tu basi.

Fungu la pili ni yale ambayo kwao ni tofauti ila sisi tunayafananisha, live na leave, full na fool, hat na hut na heart na hurt. Kiswahili kina irabu tano, wao wana sauti za irabu zaidi ya mara mbili ya hizo, sasa sisi tunazibananisha kwenye a e i o u zetu. Ndo maana unakuta "plot for sell" badala ya "for sale". Hapo dawa ni kusikiliza, kamusi za kwenye simu zina kitufe cha sauti, bonyeza moja halafu nyingine.

Kingine, usikariri mbili mbili. Ukizikalisha pamoja kila siku zitakuchanganya zaidi. Shika "their parents" kama kipande kimoja, wiki nyingine ndo uje kwa there.

Mpiga Chapa
Mstari mwekundu unakuja neno likiwa halipo kwenye kamusi yake, na "principle" lipo, itakukamataje? Word mpya zinapiga mstari wa bluu kwa sarufi lakini usiziamini sana. Weka lugha iwe Kiingereza cha Uingereza maana ndo tunachotumia, "licence" na "practice" nomino zinachukua C, vitenzi S. Ukisahau kumbuka advice na advise, hizo unazisikia tofauti, wenzake wanafuata mlemle.

Kitasa
Ila hawa Waingereza waliwaza nini lakini, si wangeandika kama wanavyotamka kama sisi

Mkeka wa Mwalimu
Zamani walitamka mkuu. K ya "knight" ilisikika, "meat" na "meet" zilikuwa na irabu tofauti. Caxton akapeleka mashine ya kuchapa Uingereza mwaka 1476, tahajia ikaanza kuganda huku midomo ya watu inaendelea kubadilika. Tunaandika Kiingereza cha marehemu.

Mzee wa Kopi
Nimewaelewa sana wakuu. Fundi kakubali kurudia ila anataka hela ya rangi. Na "passed" na "past" je? Maana kila CV ina "I past my exams".

Binti Mchakamchaka
Jaribu kuigeuza iwe ya sasa. Ikikubali "I pass", basi ni passed. Na hela ya rangi usitoe.