Vasco da Gama ana nguzo Malindi, Mwana Kupona hana hata kibao Lamu!

Assalamu aleikum wanajukwaa. Nina hasira na sitaificha.

Juzi nilipokea wageni, walimu wa Kiswahili kutoka Tanga. Ngome hawakuiulizia, wala fukwe za Shela. Walitaka kitu kimoja tu: "Tupeleke penye kumbukumbu ya mshairi Mwana Kupona." Nikawazungusha mitaa ya Lamu, Mkomani hadi Langoni, kila mzee tuliyemuuliza akatuelekeza mahali tofauti. Hatukuona jiwe lenye jina lake, wala penye kivuli tukakaa tukasoma ubeti mmoja. Aibu iliyonipata mbele ya watu wazima wale!

Jamani, huyu ndiye mama aliyetunga utendi mwaka 1858, naye mgonjwa, akimuusia bintiye Mwana Hashima. Mumewe ni Bwana Mataka wa Siyu, yule aliyesimama dhidi ya Sultani Sayyid Said wa Unguja. Mwaka 1934 utendi huo ulichapwa Uingereza pamoja na tafsiri yake. Wao waliona thamani, sisi tumefumba macho.

Sasa nenda Malindi. Vasco da Gama, Mreno yule, alitia nanga 1498, hakumaliza hata mwezi, akashika njia ya Bara Hindi. Nguzo yake ipo pale juu ya mwamba, inatunzwa, na mgeni hutoa pesa kwenda kuitazama. Isibomolewe, ni historia. Lakini mpita njia apewe alama, mwenyeji asipewe?

Na huko Shiraz, Uajemi, ambako wazee wetu wengi hunasibisha asili yao, kaburi la mshairi Hafez lina kuba juu ya nguzo nane tangu 1935, katikati ya bustani, na watu huenda kumsomea mashairi yake mwenyewe.

Nilikwenda ofisi inayohusika. Wakaniambia niandike barua. Barua niliwapa mwaka jana! Hawajui iliko, na hakuna aliyeona haya kunitamkia hivyo.

Tangu UNESCO iuorodheshe mji wetu kuwa urithi wa dunia 2001 tunasifiwa milango na nyumba za mawe. Waliotunga je? Mwana Kupona, na Sayyid Abdalla aliyetunga utendi wa Al-Inkishafi, wako wapi katika mji huu?

Hatuombi kasri. Kiwanja kidogo karibu na uwanja wa Mkunguni, baraza za kukalia, asmini na vilua, beti zichongwe kwenye jiwe. Naandika barua ya pili, na safari hii siipeleki peke yangu. Walioko Lamu, nani anatia saini?