Tupeane uzoefu: mliowahi kufika vijijini India, usafiri ukoje?

Kijana wa Igunga: Wakuu, salaam. Wengi wetu tukija India kwa masomo au matibabu tunaishia Pune, Bengaluru, Chennai, basi. Mimi mwanafunzi mwenzangu alinialika harusini kwao, wilaya ya Beed, Maharashtra. Ilikuwa Desemba. Nakuta karibu nusu ya nyumba zina kufuli. Kumbe wenyewe wako kwenye miwa! Ikifika Oktoba au Novemba mume na mke wanaondoka pamoja kwenda kukata, wengine hadi jimbo jirani la Karnataka, na kurudi ni Machi au Aprili. Wanabaki wazee na watoto wa shule.

Basi la serikali, lile jekundu wanaloliita ST, la jioni halirudi mjini. Dereva na kondakta wanalala palepale kijijini, alfajiri linaondoka na wanafunzi. Kuna mzee alipanda, akachomoa kitambulisho kwenye kimfuko cha nailoni kilichofungwa kwa uzi, akapewa tiketi bila kulipa. Ukifikisha miaka 75 jimbo lile unapanda bure, na tangu 2023 wanawake wanalipa nusu. Swali langu: vijiji kama hivi, nani anaamua kipi kipate barabara?

Fundi Ramani: Mkuu, kule idadi ya watu ndiyo inayoamua. Nimesomea ujenzi huko, tulikaririshwa hili. Mpango wa barabara za vijijini ulioanza Desemba 2000 uliweka kigezo: tambarare watu 500 kwenda juu, milimani, jangwani na maeneo ya makabila 250. Tena kinachohesabiwa si kijiji, ni kitongoji. Vitongoji vikikaribiana vinajumlishwa, kwa hiyo mita chache za umbali zinaweza kukupa lami au kukunyima. Mwanzoni walitumia sensa ya 2001. Awamu ya nne imepitishwa Septemba 2024 kwa sensa ya 2011, maana ya 2021 iliahirishwa kwa sababu ya Korona. Mtoto aliyezaliwa 2012 hayumo kwenye hesabu, na sasa anatembea kwenye tope la monsuni, yaani masika ya kule, kwenda sekondari.

Bi Zaituni MSA: Haya, njooni Kutch, Gujarat, muone kinyume chake. Jirani zetu Mombasa asili yao huko, nilifuatana nao. Majumba ya ghorofa, marumaru mlangoni, kufuli! Wenyewe wako Nairobi na London. Watu wachache lakini barabara safi, benki zimejipanga. Hapo sensa haina neno, pesa ya ng'ambo ndiyo inaongea 😂 Ila nilipovuka kwenda Saurashtra, upande mwingine wa Gujarat hiyohiyo, nilipandishwa chhakda, pikipiki kubwa iliyokatwa nyuma ikaungwa kitoroli. Mgongo uliniuma hadi narudi.

Kijana wa Igunga: Bi Zaituni umenivunja mbavu. Hao wa Kutch wakihesabiwa wanawekwa wapi?

Fundi Ramani: Wanaoishi ng'ambo hawahesabiwi kijijini. Na hao wakata miwa wako wakija kuhesabiwa msimuni, wanaweza kuongeza idadi ya wilaya nyingine.

Nesi wa Vellore: Msisahau baiskeli. Jimbo la Bihar tangu 2006 serikali inawapa mabinti wa darasa la 9 pesa ya kununua baiskeli, na wasichana sekondari waliongezeka. Mimi ningeanza na hilo kabla ya lami.

Mtoto wa Kaliua: Baiskeli kwenye tope la monsuni, nesi? Hata kwetu masika bodaboda wenyewe wanagoma.

Nesi wa Vellore: Unaibeba begani ukifika kwenye tope, mdogo wangu. Nimewaona.

Mtoto wa Kaliua: Sawa dada. Sasa mwenye uzoefu anijibu: nikishuka stesheni usiku na basi la mwisho limeshaondoka, nafanyaje?

Kijana wa Igunga: Tafuta gari za jeep za abiria nje ya stesheni. Haziondoki mpaka zijae, na kujaa kwao ni mpaka wawili wakae na dereva. Nauli ulizia abiria mwenzako kwanza, usimuulize dereva.