Naombeni ushauri, nimerudia riwaya za Aubrey na Maturin
Habari wakuu. Zile riwaya za Patrick O'Brian za vita vya majini enzi za Napoleon, nahodha Jack Aubrey na rafiki yake Stephen Maturin, daktari ambaye pia ni jasusi, zamani niliziachia njiani maana majina ya matanga na kamba yalikuwa mengi mno, sasa nimezirudia na aisee zimeninogea kinoma, hasa urafiki wao, wanavyokaa usiku wanapiga fidla na selo. Sasa viko vitabu 20 vilivyokamilika, cha kwanza cha 1969, na mi natamani kurukia kile cha nne cha Mauritius na Réunion, bahari yetu hii hii. Niende kwa mpangilio au nikiruka stori haitapotea? Na yale mambo ya merikebu mnayasomaje, mnatafuta maana ya kila kitu au mnapita tu? Mliomaliza vyote nielekezeni jamani.