Fundi, nani alikutuma ung'oe themostati yangu?

Wakuu, wiki nzima nimejaribu kunyamaza nimeshindwa. Naomba mnisome mpaka mwisho, hasa nyie mnaopeleka magari ya zamani kwa mafundi na kuondoka mkiwaachia funguo.

Nina Land Cruiser ya 1982, dizeli, zile za taa za mviringo. Aliinunua marehemu baba. Imebeba tumbaku Urambo, imebeba asali Sikonge, sisi watoto ilitupeleka shule. Nimeirithi mimi na ninaitunza kama mgonjwa wa nyumbani. Anayeigusa vibaya amenigusa mimi.

Desemba ilianza kuchemsha. Nikaipeleka gereji moja hapa Tabora mjini, jina silitaji. Jioni naifuata, fundi ananiambia, "Kaka, hii haichemshi tena." Nimelipa 60,000, nimemshukuru, nimeondoka. Na kweli, mshale wa joto ukawa haufiki hata robo. Nikaona nimepata fundi! Asubuhi gari likawa linatoa moshi mweupe mpaka nivuke reli, na dizeli inaisha haraka kuliko zamani, mimi nahangaika na nozeli tu, zile zinazopulizia dizeli kwenye injini.

Mwezi wa tatu tukapata msiba Mbeya, mdogo wake mama. Tukatoka usiku, mimi, mke wangu na mama mwenye miaka 71. Sikonge, Ipole, pori la Rungwa, mvua ikatushika huko na haikutuacha. Mnaoijua njia ya Chunya kwenda Mbeya mnajua mlima ule, barabara inapanda zaidi ya mita 2,000 na ukungu unakaa barabarani hapo. Tumefunga vioo kwa sababu ya mvua, nguo zimelowa, watu watatu tunapumua. Kioo cha mbele kikawa cheupe chote. Nikasukuma hita mpaka kwenye nyekundu, nikawasha feni. Upepo baridi! Mama akawa ananifutia kioo kwa pindo la kanga, anafuta mkono mmoja, mwingine ameshika dashibodi. Kila akifuta, kabla hajarudisha mkono kimeshaziba. Lori likaja likishuka, taa zake nikaziona zimetapakaa kioo kizima, sijui liko upande gani. Nilisimama pembeni mikono inatetemeka. Tukamaliza mlima vioo viko wazi, mvua inampiga mama kifuani.

Kesho yake baada ya maziko nikafungua boneti. Hita ya gari la zamani haina uchawi: maji ya moto ya injini yanapita mpira mmoja, yanaingia kwenye rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, yanarudi kwa mpira wa pili, feni inapuliza juu yake. Kwa hiyo unashika mipira miwili. Yote ikiwa ya moto na upepo ni baridi, angalia waya na vifuniko vya ndani. Mmoja wa moto mwingine baridi, hita imeziba au vali yake imefungwa. Yangu yote miwili ilikuwa baridi kama maji ya mtungi, na injini imeunguruma nusu saa.

Nikaufuata mpira kwa vidole hadi kwenye silinda hedi, kichwa cha injini. Umekatwa! Ndani yake pamesokomezwa boliti ya 17, yenye kutu, imebanwa na klempu. Mwenzake hivyo hivyo. Nikafungua nyumba ya themostati, kifaa kinachoongoza joto la injini. Tupu. Pamepakwa silikoni tu.

Nikampigia fundi simu. Jibu lake, neno kwa neno: "Kaka, vitu hivyo ni vya nchi za baridi, sisi huku tunavitoa wote."

Mnavitoa wote! Themostati ni kikopo chenye nta ndani. Nta ikipata joto inavimba, inasukuma mlango, maji yanakwenda kupoa kwenye rejeta kubwa ya mbele. Kazi yake ni kuipandisha injini joto haraka na kuishikilia hapo, uwe Tabora uwe Ulaya. Ukiitoa, dizeli haiungui vizuri, silinda zinalika, oili inachafuka. Na zipo injini ambazo themostati hiyo hiyo ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji. Ukiing'oa, sehemu ya maji haipiti kwenye rejeta kabisa, ukipanda mlima na mzigo linachemsha zaidi.

Nimenunua mpya, imeandikwa 82, yaani nyuzi joto inapoanza kufunguka. Kabla ya kuifunga nimeining'iniza kwa uzi kwenye sufuria ya maji jikoni na kipimajoto pembeni, nikaona mlango unafunguka taratibu maji yalipokaribia hapo. Nikabadilisha mipira yote miwili. Hita ikatoa uvuguvugu tu, mmoja wa moto, mwingine baridi. Kumbe fundi alijaza maji ya kisima bila kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia kutu, kutu imeziba. Nimesukuma maji kwa kinyume, kwa presha ndogo, yakatoka mekundu kama udongo wa barabarani. Nikatoa hewa kwa kuliegesha pua juu. Sasa inachoma miguu.

Na gari likarudi kuchemsha, kama Desemba. Nikachomoa rejeta. Mapezi yake upande wa mbele yamejaa mbegu za nyasi na tope la Sikonge, mwanga haupiti. Nimeosha kwa maji na brashi laini, saa moja na nusu. Limepoa mpaka leo. Tatizo lilikuwa hilo tangu mwanzo!

Sikatai fundi kukosea. Hasira yangu ni kwamba hukuniuliza. Ulikata mpira wa gari la mtu, ukaficha boliti ndani, ukaniambia limepona, nami nikampandisha mama yangu mlima.

Wakuu, nyumba ya themostati imeliwa na kutu pale kwenye boliti moja na inavuja. Mwenye nayo kutoka gari lililokufa, Tabora, Nzega au Kigoma, aandike hapa, nitaifuata mwenyewe. Na wewe fundi, najua unasoma humu: kesho saa mbili nakuja kuchukua themostati yangu ya zamani. Hiyo ilifungwa na baba.