Tupeane uzoefu: babu "aliyekufa mara mbili" kwenye makaratasi

Wadau, nafuatilia ukoo wetu wa Masaka, Uganda, na nimekwama. Daftari la maziko la parokia linasema babu alizikwa 1938. Faili la shamba linasema mtu wa jina hilohilo, kijiji hichohicho, alifariki 1961. Sensa ndiyo kabisa: zile za 1948 na 1959 wanatoa jumla tu, majina hayatoki. Nyie mlitatuaje mambo kama haya?

Nalongo wa Mpigi: Hao ni watu wawili, mwanangu. Sisi Waganda siku ya okwabya olumbe (kuhitimisha msiba na kumsimika mrithi) mrithi anafungwa lubugo, nguo ya gome la mti, begani, anashikishwa mkuki, na kuanzia hapo anasimama mahali pa marehemu, jina likiwemo. Shangazi yangu mwenye mvi zake anamwita mtoto wa kaka yake, aliyerithi, "taata", yaani baba, na hakuna anayecheka. Usidhani pia kwamba mrithi lazima awe mwana wa kumzaa. Anaweza kuwa mjukuu, au mtoto wa ndugu wa ukoo uleule. Kwetu lilitatuliwa na makaratasi ya ardhi ya mailo (ardhi ya Buganda yenye hati ya mmiliki). Jina moja, lakini karatasi ya zamani ina alama ya dole gumba, ya baadaye ina sahihi ya wino yenye mikia, ya mtu aliyekaa darasani. Kawaulize wazee nani alirithi nani kabla hujagusa faili lingine.

Mnubi wa Bombo: Kwetu taabu ni miaka. Babu alikuwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, na karani aliandika jina alivyolisikia. Umri nao ni wa kukisia: mzee anaulizwa kama vita vya Mjerumani vilimkuta anachunga mbuzi au ameshaoa, basi mwaka unaandikwa. Ukiona 1 Januari kwenye kitambulisho cha mzee, usiichongee kaburini.

Fundi Jinja: Cheti cha kifo angalia tarehe zote mbili, ya kufa na ya kusajili. Cha mama mkubwa kilitafutwa miaka mingi baada ya mazishi, benki ilipokidai, kwa barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji). Siku ya kufa ilitajwa na mjukuu ambaye wakati wa msiba alikuwa mgongoni.

Mwanzisha mada: Nalongo, webale nnyo (asante sana)! Kumbe faili la 1961 lina sahihi, na babu kwa tunavyosimuliwa hakujua kusoma. Naanza na shangazi wa Kalungu.