Naomba ushauri: sanamu zangu za dragoni zinanata

Habari zenu wakuu. Naishi Raskazone, Tanga, karibu kabisa na bahari. Nakusanya sanamu na picha za dragoni (yale majoka ya hadithini) na nazipenda mno, hasa dragoni wa Kichina, yule asiye na mbawa, mwili mrefu kama nyoka. Sasa sanamu za plastiki ya PVC zimeanza kunata, vumbi linagandia kwenye magamba. Nimeziosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, zikatulia, kisha mnato ukarudi. Picha nazo zinaota ukungu nyuma ya fremu. Sanamu ya mpingo niliyochongewa Bagamoyo haina shida yoyote.

Je, kabati la kioo lililofungwa litasaidia, au joto la ndani litazidisha mnato? Na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, hapa Tanga mjini navipata wapi?